Jitu la Noah

Asubuhi hiyo Wakio alipoinama kufagia chini ya meza ya sebuleni, aliona Jitu la plastiki lililosimama juu yake lina mkono wa kushoto.

Jana halikuwa nao. Jana lilikuwa na kichwa, kifua, miguu miwili na mkono wa kulia peke yake, na vipande vya mkono wa kushoto vilikuwa bado vimeshikana na fremu yake ya plastiki. Wakio aliviona mwenyewe alipokuwa akifunika meza kwa kitambaa. Sasa fremu ilikuwa tupu, na mkono ulikuwa mahali pake, umeinuliwa kidogo, vidole vimenyooka kuelekea chumba cha watoto.

"Baba Noah!" aliita. "Uliamka usiku kuunda hiki kitu?"

Phineas alitoka chumbani akifunga vifungo vya shati la kazi. Alikuwa karani wa stesheni ya reli hapo Voi, mtu mrefu asiyependa makelele. Alilitazama Jitu, akamtazama mkewe, na uso wake ukakunjamana.

"Nilikwambia usiguse vitu vya mtoto."

"Nani amegusa?"

"Kwani mkono umejiunda wenyewe?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe!"

Walikodoleana macho juu ya meza, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake anasema uongo. Siku hizo hawakuhitaji sababu kubwa ya kugombana. Phineas alichukua kofia yake, akaenda kazini bila kunywa chai.

Jitu lilikuja nyumbani humo likiwa vipande ndani ya boksi. Mhandisi mmoja Mjapani, aliyekuwa amepanga nyumba ya jirani wakati wa kazi za mabomba ya maji, alimpa mwana wao Noah boksi hilo siku aliyofunga mizigo yake kurudi kwao. Juu ya boksi palichorwa roboti kubwa limesimama katikati ya mji unaowaka moto, na kando yake ndege ya vita. Noah ndiye aliyegundua kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Ukikunja miguu nyuma, ukazungusha mikono, ukakiingiza kichwa kifuani, roboti linageuka ndege. Maelezo yote yalikuwa ya Kijapani, lakini kijana alifuata michoro. Alikata vipande kwa wembe, akavisugua kwa msasa, akavigandisha kwa gundi, na aliyepita karibu akipeperusha kanga alipigiwa kelele. Alimaliza kichwa na kifua. Kisha shule zikafungwa, akapelekwa Chawia kwa nyanya yake, na hakurudi.

Aliyemuua ni Reuben. Wakio hakuwahi kulisema kwa mdomo, lakini moyoni alilisema hivyo hivyo, bila kulipunguza. Reuben alikuwa mdogo wake Phineas, mwenye pikapu ya kuteremsha kabichi kutoka Wundanyi hadi soko la Voi. Siku hiyo alimpakia Noah nyuma, juu ya magunia. Kwenye kona za kuteremkia Mwatate gari likaacha barabara. Reuben alitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso, akasema breki zilikatika. Watu waliofika kwanza walinusa mbangara kinywani mwake, ile pombe ya miwa, lakini watu hao walikuwa majirani zake, na majirani walinyamaza.

Siku ya mazishi, kando ya kaburi, mchungaji aliwaita ndugu hao wawili washikane mikono. Phineas alimshika Reuben mkono, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Nimemsamehe ndugu yangu, kwa niaba ya nyumba yangu yote." Watu wakaanza wimbo. Wakio alikuwa amesimama hapo hapo na udongo kiganjani. Hakuna aliyemgeukia.

Baada ya hapo Phineas hakulitaja tena jina la mwanawe. Miezi ikapita. Halafu jioni moja alilivuta boksi kutoka chini ya kitanda cha Noah, akaketi mezani, akaendelea pale mtoto alipoachia. Kila jioni alirudi kutoka kazini, akala bila kusema, akashika wembe. Alikata vile vipande kwa nguvu, meno yameumana, kama mtu anayechinja.

"Umeshindwa kuongea na mtu mzima," Wakio alimwambia siku moja, "sasa unaongea na plastiki."

"Niache, Wakio."

"Nimekuacha. Nimekuacha tangu siku ile ulipomshika mkono."

Wembe ulipita kwenye plastiki ukakata mpaka kwenye kidole, na damu ikadondoka juu ya goti la Jitu. Hakuifuta vizuri.

Basi kuanzia asubuhi ile ya mkono wa kushoto, nyumba ikabadilika. Kwanza ilikuwa harufu. Wakio alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake iko hapo sebuleni karibu na dirisha, na mchana jua la Voi likiwaka juu ya mabati aliizoea harufu ya gundi na mafuta ya mashine. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa ya petroli iliyomwagika, na ndani yake kabichi zilizopondeka na kuanza kuoza juani. Alitafuta jikoni, akamwaga ndoo ya taka, akapiga deki kwa sabuni. Harufu ilitoka ikarudi.

Halafu ikaja sauti. Alikuwa peke yake, anashona sare ya shule, akasikia nyuma yake: tak. Akasimamisha gurudumu. Kimya. Akaendelea kushona. Tak, tak. Ilikuwa ile sauti ya kiungo cha plastiki kinapoingia mahali pake. Aligeuka. Jitu alilokuwa ameliona limesimama dakika chache zilizopita lilikuwa limelala kifudifudi, miguu imekunjwa nyuma, kichwa kimezama kifuani. Lilikuwa ndege.

Mtu mwingine angekimbia. Wakio aliinuka na hasira zake zote akaenda akalishika. Lilikuwa na joto kama paja la mtoto mwenye homa.

"Una nguvu?" aliliuliza, sauti yake ya chini. "Basi mtafute Reuben. Usikae hapa kunitisha mimi. Mtafute yeye na damu yake."

Akaukamata ule mkono wa kushoto, akauzungusha kinyume mpaka ukalia, akaliweka mezani, akarudi kwenye cherehani yake. Petroli ilimnukia vidoleni.

Kesho yake Phineas alirudi kutoka stesheni mapema. Alikuwa amepigiwa simu ya kazini.

"Reuben anaumwa," alisema. "Mkono wake wa kushoto umegeuka. Kiwiko kimeangalia mbele, vidole vimeangalia nyuma. Hospitali wamepiga picha, hakuna mfupa uliovunjika. Wamejaribu kuunyoosha, wanaume watatu, wameshindwa."

Wakio alikuwa anachagua mchele kwenye uteo. Hakuinua kichwa. Alisikia furaha ikipanda kutoka tumboni, tamu na ya moto, na hakuiona haya.

"Pole yake," alisema.

Phineas hakumshuku. Alijishuku yeye mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiliunda lile dude huku akimfikiria nduguye, na damu iliyokuwa gotini ilikuwa yake. Akaketi mbele ya Jitu, lililokuwa limesimama tena kama roboti, akauangalia ule mkono uliogeuzwa, na jasho likamtoka.

Nyumbani humo alikuwamo mtoto mwingine, Dinah, wa miaka tisa. Alikuwa binti wa Reuben. Mamake alikufa akimzaa, na Wakio ndiye aliyempokea akiwa na siku chache, akamlea pamoja na Noah, akamsomesha hapo Voi. Dinah alimwita Wakio mama na hakujua mama mwingine. Baada ya msiba Wakio hakumrudisha kwa babake. Wengi walishangaa, naye aliwajibu kwa ukali kwamba mtoto hakuendesha gari.

Reuben alikuja siku ya Jumamosi alasiri, mkono umefungwa kwa kanga shingoni. Alikuja kwa sababu nduguye alimwita. Harufu ya petroli ilijaa sebuleni kabla hajaketi, ikawa kali mpaka macho yakawasha. Alikaa ukingoni mwa kiti bila kumtazama Wakio.

"Shikamoo, shemeji," alisema.

Wakio hakuitikia.

"Hii harufu," Reuben alinong'ona. "Kaka, hii harufu mnaisikia?"

"Tunaisikia," Phineas akasema. "Wewe unaijua ni ya wapi?"

Dinah alikuwa anatoka jikoni na chupa ya chai na vikombe kwenye sinia, anatabasamu kwa kumwona babake. Mezani Jitu likalia tak.

Wote wanne waliona. Jitu, bila mkono wa mtu kuligusa, lilikunja goti moja nyuma, likapumzika, likakunja la pili, likainama polepole kama mtu anayesali, na kichwa kikaanza kuzama. Na pale pale sinia lilianguka, chai ikamwagika, na Dinah akapiga magoti juu ya vigae vya chupa iliyovunjika bila kulia, kisha miguu yake ikaanza kujikunja nyuma, nyuma zaidi ya miguu inavyoweza, na mikono yake ikajizungusha kwenye mabega tak, tak, na kidevu kikashuka kifuani kikakaza, mpaka mtoto akawa amelala kifudifudi sakafuni, amefungika kama kitu kilichopakiwa ndani ya boksi, macho wazi, haoni, huku Wakio akimvuta huku na huku akipiga kelele jina lake na asipate hata kidole kimoja cha kunyoosha.

Kisha sauti ikatoka kwa Dinah. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

"Nimejengewa," ilisema. Ilikuwa nzito na kavu. "Nilikuwa sina kwangu. Nimejengewa. Nikaambiwa tafuta damu ya Reuben. Damu ya Reuben iko karibu. Iko humu humu."

Reuben aliruka mpaka ukutani. Phineas alilinyakua lile Jitu, akakimbia nalo jikoni, akalisukuma ndani ya jiko lenye makaa mekundu. Plastiki haikuyeyuka. Haikupinda hata. Sebuleni Dinah ndiye aliyepiga ukelele, ukelele wake halisi sasa, "Mama naungua! Mama!" na ngozi ya mgongo wake ikaanza kufura malengelenge mbele ya macho ya Wakio.

"Litoe!" Wakio alipaza sauti. "Phineas, litoe, unamchoma mtoto!"

Alilitoa kwa mikono mitupu. Yeye ndiye aliyeungua viganja.

Hawakumpeleka Dinah hospitali, maana wangesema nini? Phineas alimpigia jirani wa Chawia mwenye simu dukani, na asubuhi yake, Reuben naye akiwa amekesha hapo hapo sebuleni, gari la kwanza kutoka milimani lilimteremsha Priscilla, shangazi yao Phineas na Reuben. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kitambaa cheupe cha Umoja wa Akina Mama kanisani, na chini ya kwapa amebeba kibuyu. Aliingia, akamwangalia Dinah aliyelazwa kwenye mkeka, akaliangalia Jitu mezani, akanusa. Halafu akawageukia kwa hasira.

"Nani amelijengea hili jini nyumba?"

"Shangazi, ni mdoli tu wa..."

"Nyamaza, Phineas! Jini linazunguka porini halina pa kukaa. Linatafuta kitu kitupu, chenye viungo, na hasira ya kulifungulia mlango. Nyinyi mmelipa vyote. Halafu mnaniambia mdoli!" Aligonga meza. "Kwetu Wadawida, sisi Wataita, mtu akiwa na hasira, hata iwe ya haki, haimezi. Anatia maji mdomoni, anayapuliza nje, anasema yaliyo moyoni, na moyo unapoa. Ndiyo kutasa. Wazee wenu walifanya hivyo kabla hamjajifunza kusameheana mbele ya watu ili mpigiwe makofi. Phineas, njoo hapa."

Phineas alipiga magoti kando ya mkeka. Shangazi akampa kibuyu cha maji. Aliweka funda mdomoni, akalipuliza juu ya mtoto, na maneno yakamtoka kwa kishindo kama mtu anayetapika. Alisema alimchukia nduguye tangu siku ile. Alisema alidanganya kaburini. Alisema kila kipande cha Jitu alikikata akifikiria shingo ya Reuben. Akalia kwa sauti, mtu mzima, mabega yakimtikisika, na Reuben akalia pembeni.

Walisubiri. Dinah hakusogea. Mezani Jitu likalia tak, na mgongo wa mtoto ukapinda zaidi, na akaguna.

"Si yake," shangazi akasema taratibu. "Yake ilijenga kuta. Mlango ulifunguliwa na mtu mwingine." Akageuka. "Wakio, mwanangu. Wewe je?"

Wakio alikuwa ameketi sakafuni, kichwa cha Dinah mapajani. Alipozungumza sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa ghadhabu.

"Leo ndiyo mnaniuliza? Mtoto nilimzaa mimi. Nilisimama pale kaburini, mchungaji yupo, wewe shangazi upo, wazee wa Chawia wote wapo. Huyu bwana akasamehe kwa niaba yangu kama mtu anayetoa kuku wa jirani. Mkaimba. Mkala wali. Hakuna hata mmoja aliyesema, Wakio, na wewe una la kusema? Sasa ni kwa sababu mnaogopa ndiyo nimekuwa na mdomo?"

Hata shangazi aliangalia chini.

"Ndiyo, ni mimi. Nililishika nikaliambia limtafute Reuben na damu yake. Nilipoambiwa mkono wake umegeuka nilifurahi. Nilipika nikaimba." Akamtazama shemeji yake kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Sitatema chochote mpaka huyu aseme ukweli. Usiniambie breki. Mtoto wako amelala hapa. Sema."

Reuben aliteleza kwenye ukuta mpaka akakaa chini.

"Nilikunywa," alisema.

"Sema sauti isikike."

"Nilikunywa! Breki zilikuwa nzima." Alijifunika uso kwa ule mkono mzima. "Noah alinigongea kioo cha nyuma. Akaniambia, baba mdogo, pole pole. Nikacheka. Nikamwonyesha kwamba siogopi kona, nikaongeza mwendo."

Phineas alitoa mlio kama aliyechomwa kisu. Wakio hakulia. Alikuwa ameutaka huo ukweli akidhani utampoza, na sasa aliupata, na ulikuwa mbaya kuliko uongo. Aliiona kona. Alimwona mwanawe amepiga magoti juu ya magunia, upepo unampiga, anagonga kioo kwa heshima. Hasira ilimjaa mpaka masikio yakaziba, na hapo hapo Jitu likaanza kulia tak tak tak tak bila kupumzika, na shingo ya Dinah ikaanza kugeuka mapajani mwake, polepole, upande ambao shingo haigeuki.

"Wakio," shangazi alinong'ona, akimsogezea kibuyu. "Mwanangu. Upesi."

Wakio alitia maji mdomoni. Akayashika humo huku akimtazama Reuben, na shavu lilimcheza, na kila mtu chumbani aliona kwamba anataka kuyameza. Kidole kidogo cha Dinah, kile kilichokuwa kimekunjwa kwenye paja la Wakio, kilikwaruza kanga yake.

Akainama, akayapuliza maji yote usoni mwa mtoto.

"Dinah," alisema, na sasa machozi yalikuja. "Si wewe. Wewe hukuendesha gari. Nilikunyonyesha chupa hapa, nilikufunga kidonda, nilikusuka nywele. Hasira yangu itoke kwako. Itoke mgongoni mwako, itoke magotini, itoke shingoni. Sina neno na wewe. Sikuwahi kuwa na neno na wewe."

Upepo wa petroli ulipita chumbani kwa nguvu ukafungua mlango wa mbele kwa kishindo. Mezani Jitu likaachana viungo vyote kwa pamoja, likamwagika kuwa vipande, vikadondoka sakafuni vikitawanyika kama punje za mahindi. Na Dinah akaanza kukunjuka. Shingo ilirudi. Mikono ikazunguka ikakaa. Miguu ikanyooka mmoja mmoja, ikitetemeka. Alivuta pumzi, akaangalia nyuso zilizomzunguka, akasema ana kiu.

Phineas alijaribu kumshika mkewe bega. "Mama Noah," alisema, "nisamehe."

"Wewe tutaongea," alijibu. "Lakini si leo, na si mbele ya watu."

Shangazi alikuwa anafuta jasho kwa kitambaa chake cheupe. Ndipo Reuben aliposogea kwa magoti, akafungua ile kanga shingoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa vile vile, kiwiko mbele, vidole nyuma.

"Shemeji," alisema. "Nimesema kila kitu. Nitemee na mimi. Nakuomba."

Shangazi alimwangalia Wakio, akatikisa kibuyu. Maji yalisikika yamebaki kidogo. Wakio alikipokea. Alikishika muda, akimtazama yule mtu aliyepiga magoti mbele yake, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Halafu akamwinua Dinah kichwa, akamwekea kibuyu mdomoni, akamnywesha, funda baada ya funda, mpaka tone la mwisho. Akakigeuza mdomo chini kionekane.

"Maji yamekwisha, shemeji."

"Wakio!" shangazi alimaka. "Lile dude limetoka humu ndani, halijafa. Linamtafuta mwenye kuachwa wazi!"

"Nimesikia, shangazi. Maji yamekwisha."

Reuben aliinuka. Akatoka kwenye jua la mchana akiufuata ukuta kwenda langoni. Alikuwa amewapa mgongo, na kwa kuwa mkono wake uligeuka, kiganja kilikuwa kinaangalia nyuma, kuelekea nyumbani. Alipofika langoni, huku yeye anatazama mbele bila kujua, vidole vya mkono ule vilifunguka kimoja kimoja, vikampungia Wakio.

Wakio aliutazama mkono huo mpaka ukapotea nyuma ya ua. Ndipo akafunga mlango.